Dramu Niliyoianika Juani

Likizo iliyopita niliharibu mashine ya fotokopi ya mjomba wangu, na niliiharibu kwa usafi. Duka lake la steshenari liko Kilwa Kivinje, karibu na ufukwe kiasi kwamba ukikaa kaunta unasikia mafundi wakigonga misumari kwenye mashua. Asubuhi hiyo kopi zilikuwa zinatoka na vidoa. Nikafungua mashine, nikachomoa kila kinachochomoka, nikavipanga barazani juu ya gazeti ili nifute vumbi la wino. Kimojawapo kilikuwa bomba jepesi, refu kuliko upana wa karatasi, lina rangi ya kijani iliyochanganyika na buluu na linang'aa. Hiyo ndiyo dramu. Nikaiacha pale, jua la saa tano likiipiga ubavuni, nikaenda kunywa chai na vitumbua. Nilirudi baada ya saa moja na ushei.

Nilipoirudisha, vidoa vilikuwa vimeisha kweli. Badala yake kila karatasi ilitoka na mikanda mitatu ya kijivu iliyokatiza kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Lilikuwa dirisha la kuomba mkopo, mnalijua wenyewe. Kijana aliyemaliza kidato cha sita alikuwa amekuja na mama yake kutoka upande wa Somanga, wana vyeti mkononi, wanataka kopi za kupeleka kuthibitishwa siku ileile. Mkanda mmoja ulipita juu kabisa ya jina kwenye cheti cha kuzaliwa. Mama akaishika kopi, akaisogeza mbali na macho, akasema, "Mwanangu, hapa si watadhani jina tumelifuta sisi?" Mjomba akawarudishia hela yao, akawaelekeza waende Masoko, akanigeukia. "Wewe si ndiyo unasoma mambo ya umeme huko chuoni? Haya, tuambie. Umeme umekwenda wapi?"

Kozi ya fizikia ya vitu yabisi nilifanya mwaka wa pili. Nilipata B, bila sapu. Nikaanza kumweleza habari za kanda za nishati, kanda ya juu, kanda ya chini, pengo katikati, mchoro ule ambao wote tumeuchora kwenye mtihani. Mjomba akanisikiliza kwa adabu, halafu akauliza tena swali lilelile. Na kwa kweli nilikuwa sina jibu, kwa sababu mchoro ule ni wa silikoni, na ndani ya dramu hakuna silikoni. Kuna plastiki na rangi. Makala haya ni jibu nililopaswa kumpa siku ile.

Tuanze na kilichomo. Dramu ni bomba la alumini lililopakwa tabaka mbili muhimu, zote za kaboni. Ya ndani ni nyembamba kuliko mikromita moja, na ina ftalosianini, jamii ileile ya rangi za buluu na kijani zinazotumika kwenye wino wa magazeti na rangi za kupaka nyumba. Juu yake kuna tabaka nene zaidi, mikromita 20 hadi 30, yaani kama theluthi ya unene wa unywele. Hiyo ni polikaboneti, plastiki ya CD na ya vioo vya helmeti, iliyochanganywa na molekuli ndogo za jamii ya amini.

Gizani, mashine inaumwagia uso wa dramu chaji hasi hadi ufikie volti mia kadhaa. Chaji inakaa juu ya plastiki, haina pa kwenda. Kisha leza inachora. Pale mwanga unapogonga, ftalosianini inaumeza na kutoa jozi: elektroni moja, na nafasi tupu aliyoiacha. Nafasi hiyo wanafizikia wanaiita tundu, na inafanya kazi kama chaji chanya. Elektroni inashukia kwenye alumini iliyo karibu. Tundu linavutwa juu na chaji hasi ya usoni, linavuka tabaka nene lote, likifika linaizima. Tona, ule unga mweusi, nao una chaji hasi, kwa hiyo unasukumwa pale ambapo chaji bado ipo na unanata pale ilipozimwa. Kila herufi nyeusi kwenye kopi yako ni mahali ambapo matundu yamefika salama.

Wazo la kutumia mwanga na chaji hivi ni la Chester Carlson. Tarehe 22 Oktoba 1938, mtaa wa Astoria huko New York, yeye na msaidizi wake Otto Kornei walipaka salfa juu ya bamba la zinki, wakaisugua kwa leso ipate chaji, wakaimulika kupitia kioo kilichoandikwa tarehe na jina la mtaa, wakanyunyiza unga. Maandishi yakatokea. Mashine ya Xerox 914 ya mwaka 1959 ilitumia seleni. Ilikuwa mwaka 1970, kwenye mashine ya IBM, ndipo dramu ya kaboni ilipoingia sokoni, na leo dramu nyingi za fotokopi na printa za leza ni za namna hiyo. Kwa hiyo tukisema vipitishi nusu ogania, tusidhani ni teknolojia ya kesho iliyofungiwa maabara. Hand-outi zako zote zimepita humo.

Leso ya Carlson inanirudisha nyumbani. Kuna kitu ambacho Kilwa Kivinje ilikiuza kwa wingi karne ya 19, mbali na pembe na, kwa bahati mbaya, watu: sandarusi. Ni utomvu wa miti uliokaa ardhini ukawa mgumu, ukachimbwa, ukapita bandari hii na Unguja kwenda Ulaya na hadi Salem, Marekani, kutengenezewa vanishi. Kipande cha sandarusi ukikisugua kwenye nguo kinavuta vipande vya karatasi, sawa na kaharabu, na neno elektroni lenyewe linatokana na jina la Kigiriki la kaharabu. Sandarusi ni kaboni, tabaka la dramu ni kaboni. Mbona moja inakaa na chaji tu, na nyingine inaipitisha?

Tofauti iko kwenye namna elektroni zilivyofungwa. Ndani ya sandarusi nyingi zimebanwa kati ya atomu mbili, kila moja na kifungo chake, na kuing'oa mojawapo kunadai nishati kubwa. Molekuli ya amini inayowekwa kwenye dramu ina atomu ya naitrojeni iliyozungukwa na pete tatu za benzeni. Elektroni za kwenye pete hizo si mali ya atomu moja. Zimetandaa juu ya molekuli nzima. Ukiiondoa moja, molekuli haivunjiki. Pengo linagawanywa kwenye pete zote, na molekuli inaweza kukaa nalo kwa raha mpaka jirani atoe elektroni ya kuliziba. Jirani akishatoa, tundu limehamia kwake.

Lakini hapo ndipo kitabu changu cha mwaka wa pili kiliponiacha. Ndani ya fuwele ya silikoni atomu zimeungana kwa nguvu na kwa mpangilio, kiasi kwamba elektroni haina anwani moja; imetandaa juu ya atomu nyingi sana kwa pamoja. Ni lami ya kutoka Dar kwenda Lindi. Joto kwenye lami hiyo ni kero, kwa sababu linatikisa atomu na kumyumbisha msafiri, kama mbuzi wanaokatiza barabara pale Nangurukuru. Ndiyo maana chaji katika silikoni safi inapungua kasi halijoto inapopanda, na kwenye waya wa shaba ni hivyohivyo.

Ndani ya plastiki ya dramu hakuna lami. Molekuli zimetupwa ovyo, hii imelala, hii imesimama, hazijaungana, zinagusana tu. Tundu likiwa kwenye molekuli moja, liko pale na si kwingine. Kuelewa linavyotoka ilibidi niende ufukweni, na si kwa ajili ya kutafuta mfano. Nilikwenda kumkwepa mjomba.

Jioni hiyo maji yalikuwa yamejaa. Vyombo vilikuwa vimefungwa kwa wingi, ngalawa, mashua, dau moja kubwa, vingine vimekaribiana, vingine vimeachana. Kijana alikuwa anatoa matenga ya samaki kutoka chombo cha nje kabisa, na badala ya kushuka majini alikuwa anaruka chombo hadi chombo mpaka nchi kavu. Nilimtazama kwa muda mrefu kabla ya kugundua kwamba sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kusimama.

Anasimama kwa sababu vyombo haviko sawa kwa urefu. Mawimbi yanaviinua na kuvishusha, kila kimoja kwa wakati wake. Anangoja mpaka ukingo wa chombo alichomo na wa kile cha mbele vilingane, halafu anaruka. Kuruka ni kufumba na kufumbua. Na kuna jambo la pili. Akitua kwenye ngalawa ndogo na tenga lake, ngalawa inadidimia kidogo. Sasa iko chini kuliko ilivyokuwa, na chombo kinachofuata kimekuwa juu kwake. Uzito wake mwenyewe umemtengenezea kizuizi. Inabidi wimbi liinue alichomo na kushusha cha mbele ndipo vilingane tena.

Tundu linafanya hayo yote. Molekuli ikipokea chaji inajikunja kidogo, vifungo vingine vinarefuka, vingine vinafupika, na majirani nao wanajipanga upya kuielekea. Imedidimia. Chaji pamoja na mdidimio wake huo inaitwa polaroni. Ili itoke, mtikisiko wa joto lazima uzilete molekuli mbili kwenye nishati inayolingana, hata kama ni kwa muda mfupi sana. Rudolph Marcus alianza kuandika hesabu ya jambo hili mwaka 1956, akifikiria elektroni zinazohama kati ya molekuli ndani ya vimiminika, na mwaka 1992 akapewa Nobeli ya kemia. Hesabu hiyohiyo inatumika kwenye dramu.

Kwa hiyo hapa joto ndilo linalosafirisha. Maji yakipwa Kivinje, vyombo vinakaa juu ya tope, kila kimoja kimeinama kivyake, hakuna kinachopanda wala kushuka. Kama tofauti ya urefu ni kubwa, itabaki kubwa hadi maji yarudi. Plastiki ya dramu ikipozwa sana inakuwa hivyo, na wepesi wa chaji unaporomoka. Ikipata joto unapanda. Kinyume kabisa cha shaba. Nikikumbuka nilivyoandika kwenye mtihani kwamba "joto huongeza ukinzani" bila kusema ukinzani wa kitu gani, naona B ile ilikuwa ya huruma.

Umbali nao una sheria yake kali. Uwezekano wa tundu kuruka unashuka kwa kasi kubwa kila pengo linapoongezeka, kwa sababu elektroni lazima ipenye katikati ambapo haina haki ya kuwepo. Ukiongeza pengo sehemu ndogo ya nanomita, kasi inakatika mara kadhaa. Ndiyo maana watengenezaji hujaza amini kwa wingi kwenye plastiki, mara nyingi theluthi hadi nusu ya uzito wote. Ukiweka chache, vyombo vinaachana mno.

Tupige hesabu kidogo, mwenye kuchukia namba aruke aya hii. Chukua tabaka la mikromita 25 na volti 600. Kama miruko ni ya nanomita 1, tundu linahitaji angalau miruko 25,000 kuvuka. Katika kila mruko, volti zinalisaidia kwa kiasi cha elektronivolti 0.024. Joto la kawaida la Kilwa linampa kila mmoja teke la takriban 0.026. Yaani mvuto wa umeme na mtikisiko wa joto, katika hatua moja, ni karibu sawa! Lakini tofauti za urefu kati ya molekuli na molekuli, kwa sababu ya ule ovyo wa kutupwa, kwa kawaida zinafika kama 0.1. Kila mmoja wa wasaidizi hao wawili ni robo tu ya kizuizi. Hivyo tundu linangoja. Wepesi wa chaji kwenye tabaka kama hili tuuchukulie sentimita mraba 0.00001 kwa volti kwa sekunde. Silikoni safi inafika 1,400, zaidi ya mara milioni 100. Ukizidisha, tundu linatembea kama sentimita 2.4 kwa sekunde, mwendo wa sisimizi. Linavuka dramu kwa milisekunde 1, wastani wa nanosekunde 40 kwa kila mruko, na karibu zote ni za kusimama.

Mwendo wa sisimizi unatosha. Kutoka leza hadi tona, uso wa dramu kwenye mashine ndogo unachukua kama sehemu ya kumi ya sekunde, kwa hiyo sisimizi anafika mapema. Vioo vya simu za OLED vinajiokoa kwa njia nyingine: tangu kifaa cha Ching Tang na Steven Van Slyke cha mwaka 1987, tabaka zake ni nyembamba mno, nanomita mia moja au mia chache kwa jumla, kwa hiyo hata mwendo mbaya unafika. Na si kila kitu cha kaboni ni kizito hivi. Fuwele safi ya rubrini, ambamo molekuli zimepangwa kama vyombo vilivyofungwa ubavu kwa ubavu kwa kamba fupi, inapita 10 kwa kipimo kile kile, na humo joto linaanza tena kuwa kero.

Kinachonikera kwenye maelezo ya vitabuni ni hilo neno "wastani". Matundu hayafiki pamoja. Maabara wanalipima hili kwa kumulika upande mmoja wa tabaka kwa mwako mfupi wa mwanga na kuangalia mkondo upande wa pili. Ungetegemea mkondo ukatike ghafla kundi likifika, lakini mara nyingi unafifia polepole, na mkia mrefu. Mwaka 1975 Harvey Scher, aliyekuwa Xerox, na Elliott Montroll walieleza mkia huo. Katika bahari ya vyombo visivyolingana, kuna vichache vilivyo chini sana. Ukitumbukia humo, hakuna wimbi la kawaida litakalokuinua. Unangoja lile kubwa la nadra. Wengi wanafika, wachache wanakwama, na waliokwama wanavuta wastani wote. Sehemu kama hiyo inaitwa mtego.

Sasa narudi barazani. Nilichukua rula nikapima kutoka mkanda wa kijivu hadi mwingine: milimita 94. Gawa kwa pai, unapata 30, na hicho ndicho kipenyo cha dramu. Karatasi ya A4 ina milimita 297, kwa hiyo dramu inajizungusha mara tatu na kidogo kwa kila kopi. Mikanda mitatu ilikuwa ubavu uleule mmoja wa dramu, ule ulioangalia jua, ukipita tena na tena.

Dramu imetengenezwa kwa ajili ya giza na miale ya leza ya muda mfupi. Mwanga wa taa za dukani kwa dakika mbili tatu unaichosha, lakini ukiifunika gizani matundu yaliyokwama yanapata muda wa kujinasua na inapona. Ndivyo nilivyomwahidi mjomba. Tuliifunga kwenye kanga mbili, tukaiweka kabatini siku mbili. Haikupona. Jua la Kilwa lina urujuanimno, na huo unazibadilisha molekuli zenyewe: baadhi ya amini zinaungana na oksijeni na kuwa kitu kingine, chenye urefu mwingine wa nishati. Nilikuwa nimezamisha vyombo kadhaa katikati ya njia. Ubavu ule haukuweza tena kushika chaji kama wenzake. Volti zilikuwa zinashuka kabla leza haijafika, na pale chaji ilipoondoka bila ruhusa, tona ikanata. Ukijivu ule ni huo.

Nilimweleza mjomba hivyo, kwa vyombo na mawimbi, bila kanda za nishati. Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo umeme haukwenda popote," akasema. "Ulishindwa kukaa." Sijapata sentensi fupi zaidi kwenye kitabu chochote.

Dramu mpya ilikuja na basi kutoka Dar, imefungwa kwenye karatasi nyeusi, na ilikula sehemu ya bumu langu ambayo ningependa kutoitaja, kwa sababu mama husoma jarida hili. Kijana wa Somanga nilionana naye baadaye stendi. Kopi za Masoko zilikubaliwa. Dramu ya zamani mjomba hakuitupa. Alumini ni alumini. Ameipitisha kwenye kamba ya pazia, ameitundika dirishani upande wa mashariki, na kila asubuhi pazia linaizuia jua lisiifikie mashine.